Akida tumweke sanduku gani? (Maji Maji ya Uzaramo na dadu za pande 20)

Bumu limeingia, jaribio la Ijumaa limesogezwa mbele, kwa hiyo leo nina muda wa kuandika kitu kirefu kidogo. Wale mliozoea kusoma humu habari za foleni ya kantini na maji kukatika hosteli mnivumilie, leo ni historia tupu. Na wale wa kozi yangu mnaweza kuisoma kama simina isiyo na alama.

Kuna mchezo unaitwa Dungeons & Dragons. Siyo wa kompyuta. Unachezwa mezani, watu wanne watano, karatasi, penseli na dadu, zikiwemo za ajabu ajabu zenye pande 20. Kila mtu anakuwa mhusika fulani: mpiganaji, mganga, mwizi, unavyotaka wewe. Mmoja ndiye mwongoza mchezo, anasimulia dunia ilivyo, wengine wanasema wanafanya nini, dadu zinaamua kama wamefanikiwa. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Ukitengeneza mhusika unaandika nguvu zake, akili yake, silaha zake, halafu kuna mahali unaandika mwelekeo wake wa kimaadili, yaani yeye ni mtu wa namna gani. Ni neno moja au mawili tu kwenye karatasi, lakini watu wamegombana juu ya maneno hayo kwa miaka zaidi ya 50 sasa. Sisi tumegombana nayo mwezi uliopita, na ugomvi wetu ulihusu Kisarawe.

Kwanza historia ya visanduku vyenyewe, maana bila hiyo hamtanielewa.

Mwaka 1974 vilikuwa vitatu tu: Sheria, Vurugu, na Katikati. Wazo lilitoka kwenye hadithi za kubuni za waandishi kama Poul Anderson na Michael Moorcock, ambamo dunia nzima inavutwa na pande mbili hizo. Hakukuwa na sanduku la wema wala la uovu. Ila kila aliyecheza alijua nani ni nani: wa Sheria ndio wetu, wa Vurugu ndio wa kuchinjwa. Mwaka 1976 Gygax akaandika makala akaongeza mstari wa pili unaoukata ule wa kwanza: Wema na Uovu. Kufika kitabu cha wachezaji cha 1978, vikawa visanduku tisa. Sasa unaweza kuwa mwema mfuata sheria, mwema asiyejali sheria, mwovu asiyejali sheria, na, hapa ndipo utamu ulipo, mwovu mfuata sheria. Mtu anayetimiza kila kifungu, anajaza daftari vizuri, anapiga muhuri, na ni mwovu.

Ukiniuliza mimi, huo mstari wa pili ndio ugunduzi mkubwa kuliko mazimwi yote yaliyomo kwenye mchezo ule. Kabla yake, ukiwa upande wa serikali umeshakuwa upande wa haki, kwisha maneno. Na kwa Kiswahili mambo ni mabaya zaidi, maana neno vurugu lenyewe limeshakuhukumu kabla hujafungua mdomo. Nani atasema "mimi ni mtu wa vurugu" halafu akapewa mkopo?

Haya, twende Uzaramo. Mimi kwetu ni Zegereni, Kibaha, ambako siku hizi habari ni viwanda na malori. Ukivuka kwenda upande wa Kisarawe unaingia kwenye nchi ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1900 ilikuwa darasa la majaribio la Wajerumani. Gavana Gustav Adolf von Götzen, aliyetawala kuanzia 1901 hadi 1906, alitaka koloni lilipe gharama zake, na mwaka 1902 ukaanza mpango wa pamba ya kulazimishwa katika wilaya za pwani na kusini, Dar es Salaam ikiwa mojawapo. Kila jumbe akatengewa shamba, watu wake wakatakiwa kulilima. Hesabu ya siku kwenye karatasi ilikuwa 28 kwa mwaka, shambani zikazidi. Mapato yalipaswa kugawanywa mafungu matatu: wakulima, jumbe, na mfuko wa wilaya. Mkulima wa wilaya ya Dar es Salaam alipata kama senti 35 kwa kazi yote ya msimu wa kwanza. Senti 35! Wapo waliokataa hata kuzipokea. Hapo kumbukeni kodi ya nyumba ilikuwa imeanza tangu 1898, na pamba ilitaka mikono wakati uleule shamba la chakula linapotaka mikono.

Julai 1905 watu wa Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, waling'oa miche ya pamba. Siyo kwamba walichoma boma kwanza au waliua mzungu kwanza. Waling'oa pamba. Halafu Samanga ikachomwa, akida wakashambuliwa, na mwezi Agosti moto ukafika Uzaramo. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyekuwa akigawa maji ya dawa tangu 1904, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, kabla vita yenyewe haijakomaa. Mambo mengine mnayajua tangu shule: makadirio rasmi ya Wajerumani yalikuwa vifo 75,000, na mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa, kwa sababu jeshi lilichoma mashamba na maghala kwa makusudi.

Sasa angalieni Götzen alivyoieleza vita hiyo. Kwake ilikuwa njama ya waganga na ushirikina, watu waliodanganywa wakaasi utaratibu. Pamba aliisogeza pembeni kadiri alivyoweza, na si ajabu, pamba ilikuwa yake. Huo ni mchezo wa 1974 kabisa: Sheria upande huu, Vurugu upande ule, na hakuna mstari wa pili wa kuuliza hiyo sheria yenyewe ni njema au siyo. Hata jina lina upande. Vitabu vya wakoloni viliandika maasi. Sisi tunasema vita. Mtu anaasi mwenye haki ya kumtawala. Vita hupiganwa na watu wawili.

Halafu ikaja zamu yetu ya kushika penseli. Mwaka 1956 Mwalimu Nyerere alisimama Umoja wa Mataifa akaeleza kwamba wale watu walipigana kwa kutokubali haki ya mzungu ya kuja kuwatawala. Miaka ya 1960 chuo cha Dar es Salaam kikaijenga hoja hiyo kitaaluma. Jambo ninalolipenda sana katika historia hii ni kwamba mwaka 1968 walitumwa wanafunzi, madenti kama sisi, wakati wa likizo, kwenda kuwahoji wazee waliokuwa wangali na kumbukumbu ya vita. Hebu fikiria likizo kama hiyo. Kazi yao ndiyo iliyotupa nusu ya tunayoyajua. Mwaka huohuo Gwassa na John Iliffe wakatoa kijitabu cha kumbukumbu za Maji Maji.

Lakini kilichofika kwenye daftari la kidato cha pili na cha tatu ni kitu chembamba zaidi: waliopinga ukoloni na walioshirikiana na ukoloni. Safu mbili. Chora mstari katikati ya ubao, majina kushoto, majina kulia, nakilini. Upande mwema umebadilika tangu Götzen, na lazima ubadilike, nakubali kabisa. Ila ubao ni uleule wa safu mbili.

Ndipo tunafika kwenye ugomvi wetu. Kikundi chetu cha mchezo ni watu watano, tunacheza Jumamosi usiku kwenye chumba cha kujisomea. Tulichoka na mazimwi na mahandaki ya Ulaya, nikapendekeza tucheze Uzaramo ya 1905. Mwongoza mchezo mimi. Niliandaa wahusika tayari, kila mmoja na sanduku lake: jumbe, hongo (hao ndio waliokuwa wajumbe wa kupeleka maji ya dawa), mwanamke mkulima, askari, na akida. Kwenye karatasi ya akida niliandika mwovu mfuata sheria, maana nilitaka tuone lile sanduku la utamu likifanya kazi. Karatasi ikamwangukia mshkaji mmoja wa Kilwa. Akaisoma, akairudisha mezani.

"Mkuu, huyu sichezi."

Tukadhani utani. Akasema baba wa babu yake alikuwa akida. Akasema alipokuwa sekondari mwalimu aliwahi kuchora zile safu mbili, akaandika akida upande wa vibaraka, akauliza darasa nani anajua akida ni nani, naye akanyamaza kimya kwenye dawati lake ilhali nyumbani kwao kuna picha ya mzee huyo ukutani. "Nimetoka kule," akasema, "nimefika chuo kikuu, nakutana naye tena kwenye mchezo, na mmeshamaliza kumhukumu hata dadu hamjarusha."

Dada mmoja wa Sheria, ambaye kwao ni Maneromango kulekule Kisarawe, hakumwonea huruma hata kidogo. "Ndugu yangu, pole, lakini kiboko alikishika nani? Götzen hakuwa anakuja shambani. Mzee wangu mimi alichapwa na mtu anayeongea Kiswahili."

Chumba kilinyamaza, wazee. Nilitegemea mchezo, nikapata hiki. Jamaa wa Kilwa hakuja Jumamosi mbili zilizofuata.

Nimeufikiria sana ugomvi ule, na kwa maoni yangu yule dada ana haki kwenye jambo la msingi. Viboko vilikuwa viboko. Akida hakuwa hadithi ya kubuni: mara nyingi alikuwa mtu wa pwani, anajua kusoma na kuandika, amewekwa juu ya majumbe kadhaa katika nchi ambayo mara nyingi siyo kwao, anakusanya kodi, anasimamia pamba, anasikiliza kesi. Cheo chenyewe Wajerumani hawakukibuni, walikikuta pwani tangu enzi za Sultani wa Zanzibar wakakipanua. Ukisema "alikuwa anafuata amri tu" umemweleza, hujamtetea. Mwovu mfuata sheria ndiye mtu anayesema hivyohivyo.

Ila yule jamaa naye alikuwa anauliza swali lingine, ambalo safu mbili haziwezi kulijibu: je, hicho ni kitu alichofanya mtu, au ni kitu alichokuwa? Wanaotengeneza mchezo wamezunguka palepale. Mwaka 2008 walipunguza visanduku vikawa vitano, mwaka 2014 wakavirudisha tisa, na mwaka 2020, baada ya malalamiko ya muda mrefu, kampuni yenye mchezo ikatangaza kwamba itaacha kuonyesha jamii nzima za viumbe kuwa ovu kwa kuzaliwa. Miaka 46 kufika hapo! Na hao ni viumbe wasiokuwepo.

Mtu anayenisumbua mimi zaidi kuliko akida ni jumbe. Akida unaweza kumsukuma upande mmoja. Jumbe huwezi. Jumbe ni mtu wa palepale, amezaliwa na watu anaowasimamia, na lile fungu la tatu la mapato ya pamba limeandikwa jina lake. Asubuhi anahesabu waliokuja shambani. Usiku hongo anabisha hodi kwake, kwa sababu bila jumbe kijiji hakiendi vitani. Uzaramo ilimtoa Kibasila wa Kisangire, ambaye mnamjua kwa jina la shule pale Dar bila kujua ni nani. Alikuwa kiongozi wa Wazaramo ndani ya nchi ileile iliyopimiwa mashamba ya pamba, akaingia Maji Maji, na Wajerumani wakamnyonga. Leo yuko safu ya kushoto, juu kabisa, na anastahili. Lakini majumbe wangapi walikuwa na miguu pande zote mbili mpaka siku ile hodi ilipopigwa? Na waliochelewa kufungua mlango tunawaandika wapi?

Kwenye sheria za mchezo za miaka ya 1970 kulikuwa na adhabu: mhusika akibadili mwelekeo wake anashushwa ngazi moja, hata kama amebadilika kuwa bora. Zamani nilikuwa nacheka kipengele hicho. Jumbe wa 1905 akibadilika alikuwa anapoteza shingo, na asipobadilika alikuwa anachomewa nyumba na majirani.

Kulikuwa na kitu kingine cha ajabu zaidi kwenye vitabu vile: kila mwelekeo una lugha yake ya siri. Wema wa sheria wana yao, waovu wana yao, na ukihama unaisahau palepale. Wachezaji wengi waliona ni upuuzi, na kweli toleo la leo halina. Lakini someni kumbukumbu za Umatumbi kuhusu njwiywila. Hilo ndilo jina lililotumika kwa mnong'ono uliopita kabla ya vita, habari ya siri ya maji ikitoka mtu hadi mtu, nyumba hadi nyumba, huku akida akiwa haisikii ingawa anaongea Kiswahili cha kila mtu. Lugha ya upande ilikuwepo. Na sidhani aliyeisikia njwiywila aliweza kuisahau.

Kuhusu Kinjeketile mwenyewe sitasema mengi, Ebrahim Hussein alishamaliza kazi hiyo mwaka 1969 kwenye tamthilia yake yenye jina hilohilo. Kinjeketile wa Hussein anaingiwa na shaka juu ya maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe wakati watu wameshayabeba. Msomeni tena, safari hii siyo kwa ajili ya mtihani.

Nirudi kwenye ile meza, maana kulikuwa na karatasi ambayo hakuna aliyeigombania. Karatasi ya mwanamke mkulima. Nilikuwa nimeandika tu katikati, katikati kabisa, sanduku la tano. Baadaye nikasoma makala ya Thaddeus Sunseri ya mwaka 1997, inayohusu Uzaramo hasa: njaa, nguruwe pori, na mivutano ya wanawake na wanaume nyumbani. Hoja yake ni kwamba tukiishika sana hadithi ya umoja dhidi ya mkoloni, tunaacha kuona kilichokuwa kinatokea ndani ya nyumba. Wanaume wanaondoka kwenda vibaruani au kukimbia kodi, sheria za uwindaji za Wajerumani zinabana njia za kuwinda, nguruwe wanaongezeka, na mwanamke amebaki na shamba la mihogo na mtama la kulinda usiku, na pamba ya jumbe ya kulima mchana. Ukimuuliza huyo adui yake ni nani, nguruwe atamtaja kabla ya gavana. Na nguruwe yule hakutoka mbinguni, ametoka kwenye kanuni iliyosainiwa ofisini Dar es Salaam. Bibi yangu Zegereni mpaka leo anawasema nguruwe pori kwa hasira ambayo wanasiasa hawaipati. Nilipomsomea kwa Kiswahili changu yale niliyoyaelewa, alisema, "Hao walioandika walikuwa hawajalala shambani miaka yote hiyo?"

Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, ambako mwaka 1906 mashujaa wa Wangoni walinyongwa, akaomba msamaha. Nchi yake imekubali iko safu gani. Hiyo ni sawa. Lakini picha ya akida bado iko ukutani kule Kilwa, na hakuna rais atakayekuja kuongea na familia ile.

Jamaa amerudi Jumamosi iliyopita, kwa taarifa yenu. Hatukusemeshana sana. Alichukua karatasi ya akida, akafuta kwa raba maneno yangu, akaacha pale mahali patupu, akaanza kucheza. Saa ya pili ya mchezo, kijiji kilipokosa watu wa kwenda shambani, akida wake aliagiza jumbe achapwe viboko. Hakuna aliyemlazimisha. Yule dada wa Maneromango alikuwa anacheza jumbe. Alimwangalia, akauliza vingapi. Akasema 25. Dadu hazikurushwa, viboko havihitaji dadu.

Wiki ijayo naanza mazoezi ya kufundisha, kidato cha tatu, na mada niliyopangiwa ndiyo hiyohiyo ya jinsi Waafrika walivyoupokea ukoloni. Andalio la somo linadai safu mbili ubaoni, nitazichora, mkaguzi akija azione. Lakini kipindi cha pili ni cha dakika 80, na nimeshatoa kopi 48 za karatasi ya jumbe: siku 28, senti 35, fungu moja kati ya matatu, watoto wanne, nguruwe wameingia kwenye mihogo juzi. Chini nimeandika swali moja tu. Ni usiku, Agosti 1905, kuna mtu anabisha hodi kwa sauti ya chini. Dadu ninazo sita, kwa hiyo watakaa makundi ya wanane wanane.